Ilizimika Vipi?

Mtazame fundi wakati pikipiki inaletwa ikisukumwa. Kama mkono unaenda kwenye spana kabla ya mdomo kuuliza neno, mwenye pikipiki ajiandae kulipia vifaa. Kama fundi anapangusa mikono, anachuchumaa kando ya injini na kuuliza, "Ilizimika vipi?", huenda mteja akaondoka bila kununua hata plagi. Nimekaa kwenye vibanda vya mafundi vya upande wa Nakuru, Kaptembwo, Free Area na Njoro, muda wa kutosha kuamini kwamba swali hilo la maneno mawili lina thamani kuliko rafu nzima ya vifaa. Pikipiki ndogo inayokataa kuwaka haina siri nyingi ndani yake. Siri imo katika saa chache zilizotangulia: ilitoka wapi, ilinyeshewa, ilioshwa, ilianguka, ilitiwa mafuta ya wapi, nani aligusa waya zake jana jioni.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya anayeumia. Bodaboda ilianza na baiskeli mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Pikipiki zilichukua nafasi hiyo kwa wingi baada ya mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoziondolea VAT pikipiki za chini ya cc 250. Tangu hapo Bajaj Boxer, TVS HLX, Honda na zile za Kichina za cc 100 hadi 150 zimekuwa miguu ya watu wa Bonde la Ufa. Zinashusha maziwa Subukia, zinatoa viazi mashambani Kuresoi hadi barabara ya lami, zinawapeleka wanafunzi Chuo Kikuu cha Egerton na wajawazito hospitali usiku wa manane. Nyingi zimenunuliwa kwa mkopo unaolipwa kila siku au kila wiki, na mkopo hausimami injini ikisimama. Ndiyo maana mwenye pikipiki iliyogoma hataki kusikia habari ya uchunguzi. Anataka iwake sasa hivi. Haraka hiyo huzaa kukisia, na kukisia ndiko kunakommaliza, kuliko hata kifaa chenyewe kilichokufa.

Tuanze na jambo linalochanganywa kila siku. "Imekataa kuwaka" ni jina moja la magonjwa mawili. Kuna pikipiki ambayo ukibonyeza stata injini haizunguki kabisa, na kuna ile inayozunguka vizuri lakini haishiki. Ya kwanza ni habari ya betri, fyuzi, rile, swichi ya klachi na mota ya stata. Ukipiga kiki ikawaka, basi injini ni nzima na hapana haja ya kuifungua. Ukisikia tik-tik-tik unapobonyeza, taa ya mbele ikififia, betri imeisha nguvu au vichwa vyake vimelegea na kuota ukungu mweupe. Ukimya kabisa, bila hata mlio mdogo, unaelekeza kwenye fyuzi, swichi, au gia ambayo haijarudi fri. Kabla ya yote hayo kuna swichi nyekundu ya kuzimia injini pale kwenye mkono wa kulia. Abiria huigusa akishuka, mtoto huichezea pikipiki ikiwa imeegeshwa, na hata dereva wa miaka kumi hutokwa jasho akipiga kiki huku imezimwa. Kuiangalia kwanza si ujinga. Rubani naye huanza na mambo madogo.

Ugonjwa wa pili, wa injini inayozunguka bila kushika, ndio wenye mambo. Injini ya petroli ya silinda moja hudai vitu vitatu: mchanganyiko wa petroli na hewa unaoweza kushika moto, pistoni inayoubana mchanganyiko huo bila kuuvujisha, na cheche yenye nguvu inayotokea kwa wakati wake. Mafundi husema kwa ufupi: mafuta, kompresheni, moto. Betri, CDI (kisanduku kinachoamuru cheche), koili, kabureta, valvu na ringi zote ni watumishi wa hayo matatu. Uzuri wake ni kwamba kila kimoja hupimika kivyake kwa dakika chache na bila mashine ya bei.

Shahidi wa kwanza ni plagi. Piga kiki mara nane au kumi, kisha uifungue uitazame. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki kwenye silinda, na hakuna koili duniani itakayoponya hilo. Ikiwa imelowa na kunuka petroli, mafuta yanafika. Kinachokosekana ni moto, au mafuta yenyewe yamezidi. Basi kwa mtazamo mmoja nusu ya mashaka imeondoka. Rangi yake nayo husimulia siku zilizopita: ya kahawia ni ya injini inayokula vizuri, nyeusi yenye masizi makavu imekuwa ikipewa petroli nyingi kuliko hewa, nyeusi ya utelezi inakula oili, na nyeupe iliyokauka imekuwa ikipata petroli haba na joto jingi. Nafasi kati ya ncha zake mbili kwa pikipiki nyingi za aina hii ni milimita 0.6 hadi 0.8. Ikipanuka kwa uchakavu, cheche hushindwa kuruka, hasa asubuhi betri ikiwa imelala na baridi.

Kupima moto, plagi huchomekwa kwenye kofia yake, mwili wake wa chuma ukagusishwa kwenye kichwa cha injini, kisha kiki ikapigwa. Cheche nzima ni ya samawati na hutoa mlio mkavu; ya manjano iliyokonda ni dhaifu. Usipige kiki kofia ya plagi ikining'inia hewani, kwa sababu umeme usiopata njia ya kutoka unaweza kuiua koili au CDI. Na kabla ya cheche yoyote, funga koki ya petroli, ziba tundu la plagi kwa kitambaa, weka kopo la mafuta mbali. Watu wa Nakuru hawahitaji kufundishwa upya kile petroli inachoweza kufanya. Sachang'wan, tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa lori la mafuta lililopinduka liliposhika moto. Kiasi kilicho kwenye bakuli la kabureta ni kidogo, lakini tabia yake ni ileile.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo vitabu vya pikipiki havilisemi kwa sababu havikuandikiwa huku. Bonde la Ufa la kati lina mwinuko wa aina yake. Marigat iko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850, Molo karibu 2,500, na barabara ya Eldoret inapopita Timboroa inazidi mita 2,700. Dereva mmoja anaweza kuanza siku kwenye joto la Marigat na kuimaliza kwenye ukungu wa Timboroa. Hewa haiko sawa njiani. Shinikizo la hewa Nakuru ni karibu asilimia 80 ya lile la Mombasa, na Molo ni karibu asilimia 75. Pikipiki hizi nazo zimebuniwa mbali na chini: Pune, nyumbani kwa Bajaj, iko karibu mita 560, na Chongqing, kitovu cha pikipiki za China, iko chini ya hapo.

Kabureta haijui mwinuko. Petroli inahitaji kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta ili iungue yote, na jeti ya kabureta imetobolewa kwa kudhani kwamba hewa inayopita ina uzito wa kule ilikobuniwa. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi lakini tundu la jeti halipungui. Mchanganyiko unakuwa na petroli ya ziada. Kwa mwinuko wa Nakuru ziada hiyo ni kama sehemu moja ya kumi, na Molo inazidi. Injini inayotembea huvumilia. Inachoka kidogo mlimani, inatoa moshi mweusi, inakunywa mafuta. Ila masizi yanajikusanya kwenye plagi siku baada ya siku, mpaka asubuhi moja ya baridi inakataa. Dereva atasema imegoma ghafla, kumbe imekuwa ikijiandaa kugoma mwezi mzima.

Hapo baridi inaingia na kuleta mgongano. Asubuhi ya Molo joto hushuka chini ya nyuzi 10, na petroli baridi haigeuki mvuke upesi, kwa hiyo injini inadai choki ili ipate mafuta zaidi. Mwinuko, kwa upande wake, tayari umeongeza mafuta. Aliyezoea pikipiki ya bondeni huvuta choki hadi mwisho, akapiga kiki kumi na tano, na kabla jua halijatoka injini imefurika. Dalili ni harufu ya petroli kwenye ekzosi na plagi inayodondosha. Dawa yake haina gharama: funga petroli, rudisha choki, fungua mkono wa mafuta hadi mwisho, piga kiki taratibu mara kadhaa ili hewa ikaushe silinda, kisha pumzika dakika chache. Ukiwa juu huko, choki iwe ya nusu na ya muda mfupi. Kama pikipiki inaishi Molo au Mau Narok mwaka mzima, jeti ndogo zaidi ya ile ya kiwandani ni haki yake, na fundi anayejua kazi ataibadilisha mara moja tu. Ila ikiuzwa na kuteremshwa Marigat, mnunuzi aambiwe, maana kule itakuwa na njaa ya petroli na plagi yake itageuka nyeupe.

Kuhusu mafuta yenyewe, kosa halianzii kwenye kabureta. Linaanzia mfukoni. Mamlaka ya nishati, EPRA, hutangaza bei mpya za mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, na Oktoba 2023 lita ya petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36. Mwenye bodaboda hajazi tangi. Anatia ya mia, anabeba abiria wawili, anatia ya mia nyingine. Tangi lisilojaa kamwe lina hewa nyingi juu ya mafuta, na kwenye baridi ya usiku unyevu wa hewa hiyo hugeuka matone kwenye kuta za bati na kuteremka. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini kabisa, pale mafuta ya mwisho yanapochotwa. Koki ikiwekwa risavu, yaani akiba, kinachoingia kwenye kabureta ni maji na kutu. Kwenye vijiji vya mbali, ambako petroli huuzwa kwa chupa mbele ya duka, mchezo ni uleule: hujui chupa ilibeba nini jana. Mimina kidogo kwenye chupa safi inayoonyesha, iache itulie. Maji yatajitenga chini kama mpaka uliochorwa.

Mafuta ya taa ndani ya petroli ni adha nyingine. Hayageuki mvuke upesi, kwa hiyo injini inakuwa ngumu kuwaka asubuhi hata kama ikishapata joto inakwenda. Septemba 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua tamaa ya kuyachanganya. Tamaa haiuawi na tozo peke yake. Ikiwa pikipiki tatu za steji moja zimeanza kusumbua wiki moja, zote zikinunua kituo kimoja, usifungue injini ya yeyote kabla hamjabadilisha mahali pa kununua.

Njia ya kujua kama petroli inafika ni kulegeza skrubu ya kutolea mafuta chini ya bakuli la kabureta, koki ikiwa wazi. Yakitoka kwa mfululizo, njia ni nzima na tatizo liko mbele. Yakitoka kidogo kisha yakakatika, fungua kifuniko cha tangi. Yakianza kutiririka tena, umepata mgonjwa: ni tundu dogo la kupumulia kwenye kifuniko. Hapa nisimulie langu.

Pikipiki yangu ilianza kuzimika njiani baada ya kilomita chache, barabara ya kutoka Njoro kwenda Mau Narok. Ikizimika inapumzika, inawaka, inazimika tena, na siku moja ikakataa kabisa. Fundi wa kwanza aliniuzia plagi. Ikawaka, nikashukuru, nikaondoka, ikafia mlimani. Wa pili akasema ni koili. Ikawaka, nikalipa, ikafia karibu na palepale. Koili ikafuatwa na CDI. Vifaa vitatu, siku nne bila kazi. Aliyeimaliza alikuwa mzee mmoja aliyekaa kwenye kigoda akimsikiliza kijana wake akinihoji. "Kila ikizima huwa mnafungua tangi kuona kama mafuta yapo?" akauliza. Ndiyo, mzee, kila mara. Akachukua sindano, akazibua tundu la kifuniko lililojaa vumbi lililogandamana, akanirudishia. Kila tulipobadilisha kifaa tulikuwa tumefungua tangi. Hewa ilikuwa imeingia, petroli imeshuka, na sifa ikaenda kwa kifaa kipya. Tulikuwa tunaiponya bila kujua, kisha tunaifunga tena na ugonjwa wake.

Tangu siku hiyo nashikilia kanuni moja ambayo ningependa kila kibanda kiifuate. Ukibadilisha kifaa na pikipiki ikawaka, rudisha kile cha zamani ujaribu tena. Ikikataa, umethibitisha. Ikiwaka na cha zamani, hukuponya chochote, na kile kipya ni cha mwenye duka mpaka ujue zaidi. Ni dakika kumi. Najua madereva hawapendi kuambiwa warudishe kilichoharibika kwenye pikipiki iliyokwisha kuwaka. Inaonekana kama kutafuta balaa. Lakini karibu kila duka la vipuri limeandika ukutani kwamba vifaa vya umeme vikiuzwa havirudishwi, kwa hiyo kisio likikosea, hasara yote ni ya dereva.

Umeme wa pikipiki umekuwa mgumu kuliko ulivyotoka kiwandani, na waliougumisha ni sisi. Alamu ya kuzuia wizi hufungwa kwa kukata waya wa moto na kuupitisha kwenye kisanduku cha bei ya chini. Taa za rangi chini ya kiti, redio, chaja ya simu: kila kimoja kina kiungo chake kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe. Pikipiki za mkopo hubeba kifaa cha kufuatilia, na baadhi ya vifaa hivyo vina rile inayoweza kukata moto wa injini. Fundi asiyejua kwamba waya umekatwa na kuungwa mahali fulani chini ya tangi atabadilisha kila kitu isipokuwa kile kiungo. Swali hapa ni la moja kwa moja: ni kitu gani kilichofungwa ambacho hakikuja nayo? Dereva aseme ukweli, hata kama alamu ilifungwa na ndugu yake bure. Mficha uchi hazai. Na kama mkopo umechelewa, aangalie kwanza simu yake kabla ya kumlaumu fundi.

Betri nayo ina fumbo linalowababaisha wengi. Kuna pikipiki ambazo CDI yake hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye magineti. Hizo betri ikifa kabisa bado zinawaka kwa kiki. Nyingine CDI yake hula umeme wa betri, na betri ikishuka sana hata upige kiki mpaka mguu uume, hakuna cheche. Majirani wawili wenye pikipiki za rangi moja wanaweza kubishana kutwa nzima juu ya hili na wote wakawa sahihi. Betri nzima iliyotulia husoma karibu volti 12.6. Ikisoma chini ya 12, ichajiwe kwanza kabla ya kumshtaki yeyote. Betri hizi ni ndogo. Taa na redio vikiachwa usiku mmoja huzimaliza.

Kisha maji. Mvua za Machi hadi Mei hutawanya magonjwa ambayo jua la saa nne huyaponya lenyewe, na hapo ndipo ushahidi unapopotea. Pikipiki isiyowaka tu ikiwa imelowa ina kofia ya plagi iliyopasuka au waya wa koili uliochakaa. Umeme wa volti zaidi ya 10,000 hupenda njia ya maji kuliko nafasi ya plagi. Usiku, gizani, unaweza kuziona cheche zikitambaa juu ya waya. Kuosha kwa mashine ya presha hufanya yaleyale hata kiangazi, na sehemu nyingi za kuoshea ziko kando ya steji zenyewe. Kandokando ya maziwa ya Nakuru, Elmenteita na Bogoria kuna jambo la ziada. Maji yale yana magadi, hupitisha umeme kuliko maji ya mvua, na yakikauka ndani ya viungo huacha chumvi inayokula shaba. Aliyevuka maji hayo aoshe kwa maji baridi ya kawaida, akaushe viungo, na aweke grisi kidogo.

Ikiwa pikipiki ilizama mtoni na kuzimika, usipige kiki kwa nguvu. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikikutana nayo, fimbo yake hupinda. Toa plagi kwanza, zungusha taratibu, uone kinachotoka.

Kompresheni huja mwisho, kwa sababu kuigusa ndiko kufungua injini, na kufungua injini ndiko ghali. Kipimo cha kwanza ni mguu: kiki inayoshuka bila kupinga, kama inayokanyaga hewa, imepoteza kompresheni. Cha pili ni kidole gumba kwenye tundu la plagi. Injini nzima hukisukuma kwa nguvu. Ukitia kijiko kimoja cha oili kwenye silinda na kiki ikawa nzito, ringi zimechakaa. Isipobadilika, elekeza macho kwenye valvu. Mara nyingi valvu haijaungua, imekaza tu. Nafasi yake kwa injini hizi ni ndogo, karibu milimita 0.05 hadi 0.1, na kadiri valvu inavyojichimbia kwenye kiti chake nafasi inakwisha, mpaka haifungi vizuri asubuhi. Kurekebisha ni kazi ya robo saa na kipimo cha bati jembamba. Nimeona vichwa vya injini vikishushwa kwa ajili ya hili.

Anayetumia geji ya kompresheni akumbuke tena mwinuko. Injini hubana hewa iliyopo. Injini ambayo kitabu kinasema isome bar 11 pwani itasoma kama 9 Nakuru, na chini ya hapo Timboroa, ikiwa nzima kabisa. Fundi anayeshika namba ya kitabu bila kuipunguza atahukumu injini nyingi ambazo hazina kosa, na hukumu hiyo ni kubori silinda, pistoni mpya na wiki nzima bila kazi.

Kinachoua kompresheni kwa haki ni vumbi. Udongo wa huku umetokana na majivu ya volkeno, ni laini kama unga, na Januari hadi Machi barabara za kwenda Rongai na Solai huinua wingu linalokaa hewani muda mrefu. Filta ya hewa ikiziba, dereva huambiwa aitoe ili pikipiki "ipumue". Itapumua kweli, na ringi zitasagwa na vumbi hilo kabla ya mwaka kwisha. Filta ya sponji hufuliwa kwa sabuni, ikakaushwa, ikapakwa oili kidogo. Ya karatasi hubadilishwa.

Ukiyatazama haya yote pamoja, utaona kwamba wakati wa kugoma unaeleza zaidi ya sauti ya kugoma. Inayokataa ikiwa baridi tu inashukiwa valvu iliyokaza, choki, au petroli yenye mafuta ya taa. Inayokataa ikiwa moto, kisha inawaka baada ya nusu saa kivulini, inashukiwa koili, au pasa (kile kinachoiambia CDI wakati wa cheche), iliyochoka na joto. Iliyokataa baada ya kuanguka huenda imefurika tu. Iliyokataa baada ya kutoka kwa fundi mwingine, anzia pale alipogusa fundi huyo. Na inayowaka kwa kusukumwa lakini si kwa stata huenda ina betri dhaifu. Kusukuma kila asubuhi kutaificha mpaka siku utakapokwama penye mlima.

Pikipiki mpya zenye injeksheni badala ya kabureta zimepunguza baadhi ya taabu hizi. Zinasoma shinikizo la hewa na kujirekebisha zikipanda Mau. Ukifungua swichi, pampu ya mafuta inapaswa kunguruma sekunde mbili hivi. Ikinyamaza, angalia fyuzi na betri. Taa ya injini ikiwaka kwa kupepesa, hesabu mipepeso, maana ni namba ya kosa. Lakini hata hizo hazijui kwamba jana ziliwekewa alamu.

Nimewasikia watu wakisema tatizo ni mafundi wasiosoma. Sikubaliani kabisa. Wapo vijana waliopita vyuo vya ufundi, na wapo waliojifunzia chini ya mti wakafanya mitihani ya mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, na katika makundi yote mawili nimekuta wanaouliza na wasiouliza. Kinachoamua ni malipo. Fundi akifungua injini siku mbili, mteja anaona jasho na analipa. Akikaa dakika kumi akiuliza, akalegeza skrubu moja, akachomoa waya wa alamu na pikipiki ikawaka, mteja anauliza, "Kwani umefanya nini?" na kumpa hamsini. Tumewafunza mafundi wetu kwamba kufikiri hakuna bei, kisha tunashangaa wanapokimbilia spana. Pale Njoro yule mzee sasa hutoza ada ya kupima kabla ya kugusa chochote, na akikuta kosa dogo haongezi kitu. Wengine humkasirikia na kwenda kibanda cha pili. Mimi namlipa bila kubishana.

Koili yangu ya zamani niliiokota siku ile na kuitia kwenye sanduku la spana. Miezi iliyofuata jirani yangu alipata pikipiki isiyo na moto hata kidogo, plagi imelowa chepechepe, koili yake imepasuka hata kwa macho inaonekana. Nilimpa ile yangu ajaribu nayo kabla ya kununua. Inafanya kazi mpaka leo, inapanda na kushuka Mau Narok na mitungi ya maziwa.